Sauti Yangu Katika Wimbo wa Msiba

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa stationari pale Ifakara mjini alinikalisha mbele ya kompyuta. "Kazi yako ni kurusha," akasema. Kurusha ni kunakili nyimbo kwenye memori kadi ya mteja. Vibarua wa mpunga wa Mngeta walikuja siku za mapumziko: "Kaka, nijazie kwaya na ngoma za Kisukuma." Nilijaza mpaka kadi inakataa. Habari ya idhini ya wenye nyimbo hatukuwahi kuulizana, kweli tena.

Baadaye nikafungua kibanda changu Lipangalala, nikawa napandisha nyimbo Telegramu. Niliogopa wenzangu wasije wakazichukua, basi kila wimbo nikaupachika jingo, yaani sauti yangu katikati: "Mzee Kipara wa Lipangalala, hapa ndipo penyewe!" Mwizi mzima naogopa kuibiwa, jamani!

Kwaya moja ya Masagati iliniachia flashi yenye nyimbo zao niwatengenezee jalada la albamu. Nikapandisha wimbo mmoja siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata akaja Afisa Hakimiliki kutoka mkoani, pamoja na mama mwenyekiti wa kwaya.

"Shikamoo, mama."

Akamgeukia Afisa. Afisa akabonyeza simu. Ukalia wimbo ambao mama alimtungia marehemu mumewe, uimbwe kwa mara ya kwanza kwenye misa ya kumaliza msiba. Lilipotajwa jina la marehemu, nikasikika mimi, natangaza kibanda.

"Huyu nani?" Afisa akauliza.

"Ni mimi, afande."

"Kusambaza kazi ya mtu mtandaoni bila idhini ni kosa. Unaweza kufungwa."

Mama akasema, "Sitaki afungwe. Afute kila mahali, mume wangu apumzike."

Nikafuta mbele yao, nikasaini maelezo kwamba wimbo haupo tena popote. Nilijua ni uongo. Watu walishaupakua, wakarushiana, nami simu zao ningezifikiaje?

Sasa nimestaafu, lakini woga haujastaafu. Ninyi vijana mnaotuma nyimbo za watu kwa kidole kimoja, ombeni idhini kwanza, maana kuzirudisha hamtaweza.

Mwezi uliopita nilikuwa msibani Mlimba. Yule mama alikaa mkekani, mbele yangu kidogo. Mtu akachomeka simu kwenye spika, wimbo ule ukaanza. Nikakurupuka kutafuta viatu vyangu. Kabla sijavipata, nikasikia, "Mzee Kipara wa Lipangalala!"

Mama akageuka, akaniangalia.