Utepe wa Kijani Mwezi wa Ramadhani

Mtu akiniuliza nimesoma wapi, humjibu: Darasa la Sita. Jina la skuli huja baadaye. Sisi wasichana wa skuli ya masista pale Chake tulikuwa hivyo, kwanza darasa, ndipo mengine. La Tano walifunga utepe wa manjano kichwani, sisi wa kijani, La Saba mwekundu, na ole wake mtoto wa manjano akatize barazani petu bila hodi. Tulikuwa na wimbo wetu na makofi yetu, mawili mazito, moja jepesi. Kijijini kwetu Kiuyu wazee walimtisha baba kwamba masista watanibatiza. Baba akawajibu, "Huyu? Watamchoka kabla hawajateka maji." Ulimi wangu ulikwisha kujulikana tangu huko.

Kila mwaka, siku ya sikukuu ya skuli, madarasa ya juu yalishindana kuvuta kamba, mivuto mitatu, anayeshinda miwili ndiye bingwa. Washindi walifunga utepe wao kwenye kengele, na mwaka mzima wao ndio waliogonga vipindi. Kwa kawaida walishinda La Saba, kwani ndio wakubwa, na waliigonga ile kengele kwa madaha mpaka unatamani kuwarushia kiatu. Mie ndiye niliyekuwa kiongozi wa kamba wa La Sita, na kengele ile niliitaka mpaka nikawa naiota.

Mwaka huo sikukuu ikaangukia Ramadhani. Mama Mkuu, sista aliyeongoza skuli, alitaka kuiahirisha kamba. Tukakataa, sisi na La Saba, kwa mara ya kwanza tukiwa kauli moja. Lakini hesabu ilitukalia vibaya. La Saba walikuwa na Wakristo watatu, ambao wangeingia uwanjani wameshakula. Sisi tulikuwa naye mmoja tu, binti wa karani Mhindi aliyetoka Goa, nasi tukimwita Mgoa, mpole, mwenye miguu mizito. Jioni ya kabla ya siku yenyewe nikawapanga wenzangu pale barazani kwetu dakhalia, bwenini tulikolala.

"Kesho sote tutakuwa na njaa ila mmoja," nikasema, nikamnyooshea Mgoa kidole. "Huyu atakaa mkia. Tumbo lake ndiyo nanga yetu."

Wenzangu wakacheka.

Siku ya siku ikafika. Alasiri, jua kali, midomo imetukauka. Filimbi ikalia, tukavuta, tukaimba, tukarudi nyuma hatua mbili kwa raha zetu. Mara mkia ukateleza. Mgoa huyo, chini puu! Sote tukaburutwa mpaka ng'ambo ya mstari, na La Saba wakapiga vigelegele.

Nilipandwa na hasira, nikamwendea mbele ya skuli nzima. "Una nini wewe? Sisi tumefunga, tumesimama! Wewe una mkate na chai tumboni, unaanguka kama gunia! Hata haya huna?"

Akainama akipangusa vumbi magotini. Aliyenijibu ni Bi mpishi, mama wa makamo aliyetupikia dakhalia, kasimama pembeni na upawa mkononi.

"Ebo! Muache mtoto wa watu," akasema. "Chai yake ya asubuhi nimeimwaga mwenyewe, na cha mchana hakukigusa. Kafunga huyu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Umefunga kwa nini?" nikamuuliza Mgoa.

"Ulisema sote ila mmoja," akajibu taratibu. "Mie sitaki kuwa huyo mmoja."

Lo! Nikataka kumtoa mkiani nikae mwenyewe. Akanisukuma kwa kiwiko. "Mkia wangu huu." Akavua viatu, akajizungushia kamba kiunoni, akachimba visigino mchangani.

Mvuto wa pili tulishinda upesi. Nadhani La Saba walikuwa bado wanatucheka. Wa tatu ndio uliokuwa kazi. Hatukuimba, pumzi ya kuimbia ilikuwa haipo. Viganja vilichubuka, macho yakaona kiza, na mimi nasikia nyuma yangu mtu anahema na kusema, "Bado, bado, bado." Hakusogea hata shubiri. Kisha kiongozi wa La Saba, msichana mwenye maringo, akavuka mstari kwa magoti, na wenzake wote nyuma yake.

Nimeozesha mabinti, nimepakata wajukuu, alhamdulillahi. Lakini fahari ya siku ile sijaipata tena, wala sioni haya kusema. Kijani kikafungwa kwenye kengele, na wa kwanza kuigonga alikuwa mkia wetu.

Mama Mkuu akamletea Mgoa bilauri ya maji. "Kunywa, mwanangu. Wewe hukulazimishwa."

"Nitakunywa na wenzangu, Mama."

Mama Mkuu akairudisha bilauri jikoni mwenyewe.

Magharibi tukakaa kitako mkekani, mbele yetu tende na muhogo wa nazi, na Mgoa katikati yetu. Adhana ilipotoka, nilichukua tende nikamtia mkononi kabla sijagusa yangu.

"Nisamehe, mwenzangu," nikamwambia, na machozi yananilenga. "Ulimi wangu huu..."

"Ngoja," akasema, tende keshaitia mdomoni. "Nishibe kwanza."