Asante, Nimeshiba

Kwetu mtoto haombi. Nilifundishwa hivyo na mama yangu, mtu wa Lindi, naye alifundishwa na mama yake, na sote tulifundishwa kwa jicho. Ukiwa nyumbani kwa watu ukakaribishwa chakula, unamtazama mama kwanza. Mama hasemi kitu. Anakutazama tu, nawe unajibu, "Asante, nimeshiba," hata kama tumbo linanguruma mpaka mwenye nyumba analisikia. Samaki mkunje angali mbichi. Binti yangu nilimkunja mapema, na majirani zetu wa Chang'ombe walimsifu kwa adabu. Nilijivunia hilo, na sioni aibu kulisema.

Baba yake alipofungua shauri akitaka mtoto ahamie kwake Mbezi Luis, mwanzoni sikuogopa sana. Tulikuwa tumeachana zamani, mtoto yuko darasa la pili, nimemlea mwenyewe nikishona nguo za watu barazani. Yeye ameoa tena, amejenga, ana geti na maua. Nikasema moyoni, geti halilei mtoto. Kisha mahakama ikamtuma afisa ustawi wa jamii azitembelee nyumba zote mbili, na hapo ndipo usingizi uliponipaa.

Afisa alikuwa dada mdogo, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimkuta binti yangu ndiyo kwanza ametoka shule.

"Una njaa?" akamuuliza.

Mtoto akanitazama. "Hapana, nimeshiba."

"Unapenda kucheza nini?"

Akanitazama tena. "Chochote tu."

"Kuna kitu unataka mama akununulie?"

"Hapana. Asante."

Mimi nimekaa kwenye cherehani nimevimba kwa fahari, nikiamini mgeni anashuhudia malezi. Kumbe mgeni alikuwa anaona kitu kingine kabisa.

Siku ya shauri, pale mahakamani Temeke, akaeleza alichokiona. Kwa baba, alisema, mtoto aliomba chapati nyingine. Aliomba abadilishiwe katuni. Alimgombeza baba yake kwa kuchelewa kurudi. Kwa mama, kila akiulizwa jambo humtazama mama kwanza, na hasemi anachotaka. "Inawezekana mtoto ana hofu, mheshimiwa," akamalizia, kwa upole uleule.

Hofu! Nilijikuta nimesimama. "Mheshimiwa, hiyo si hofu, ni adabu!"

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akaniambia niketi. Nikaketi. Baba wa mtoto alikuwa anatazama viatu vyake. Mwanamume yule analijua jicho vizuri. Mama yake analo, kali kuliko langu. Neno lake moja tu lingetosha kunisaidia, na hakulisema. Siku ile nilimchukia kuliko siku aliyoniacha.

Hakimu akasema atazungumza na mtoto mwenyewe, chumbani kwake, bila sisi wazazi. Mlango ukafungwa. Tukabaki nje, mimi upande huu wa benchi, yeye upande ule, katikati panatosha watu watatu. Niliomba kila dua ninayoijua. Mtoto alipotoka nilimvuta pembeni.

"Umemwambia nini?"

"Alinipa biskuti. Nikasema asante, nimeshiba."

"Na kingine?"

"Akaniuliza nataka kukaa kwa nani."

"Ukasema?"

"Nikasema popote tu." Akanitazama, akisubiri nimsifu.

Nilitaka kumzaba kofi, nikataka kumkumbatia, nikaishia kumfunga vizuri kifungo cha shati ambacho hakikuwa kimefunguka. Baba yake alikuwa amesikia.

"Malezi yako hayo," akasema.

"Na ya mama yako pia," nikamwambia.

Tuliporudi wiki kadhaa baadaye kusikiliza uamuzi, nilikuwa nimekonda mpaka gauni linanipwaya. Hakimu akasoma. Kwa sasa mtoto atakaa kwangu siku za shule, Ijumaa jioni mpaka Jumapili atakuwa kwa baba yake. Muhula ukiisha atamwita tena mtoto, amuulize upya, ndipo atoe uamuzi wa mwisho. Kisha akavua miwani akanigeukia.

"Mama, mwanao ana adabu nzuri. Lakini nilipomuuliza jambo kubwa kuliko yote maishani mwake, alinijibu kama mtu anayekataa biskuti. Mfundisheni pia kusema anachotaka."

Nikaitikia ndiyo mheshimiwa huku ninachemka. Afundishwe kutaka? Na akishajua kutaka, akataka geti na maua?

Ijumaa ya kwanza nilimpeleka mwenyewe Mbezi. Nilikusudia kumwacha getini nigeuze, lakini mke wa baba yake akatoka hadi nje, akachukua begi la mtoto, akanishika mkono. Ndani meza ilikuwa tayari, wali wa nazi na samaki, harufu imejaa nyumba nzima.

"Karibu dada, ule kidogo."

"Asante mdogo wangu, nimeshiba."

Tangu asubuhi nilikuwa sijatia kitu mdomoni. Binti yangu akanitazama. Nikampa jicho, lile kali, la kumwambia afunge mdomo. Akalipokea, akalifikiria, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama hajashiba. Hajala tangu asubuhi. Tangu tumeenda mahakamani halagi vizuri."

Uso ulinishuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Yule mwanamke hakucheka, wala hakunionea huruma ya kunionyesha. Alivuta kiti, akaleta maji ya kunawa. Nikakaa. Wali ulikuwa mtamu, Mungu anisamehe, na niliula kwa hasira mpaka sahani ikabaki na miba.

Nilipoaga, mtoto akanisindikiza getini.

"Mama, hakimu akiniita tena, niseme ninachotaka?"

Ningeweza kumpachika jibu pale pale, "sema kwa mama," na angelikariri kama anavyokariri shairi la shule. Hakuna ambaye angejua.

"Sema," nikamwambia.

"Hata kama wewe hutapenda?"

"Hata kama sitapenda."

Akashika komeo la geti, akaanza kulisukuma taratibu kunifungia.

"Nataka kwako, halafu Jumamosi nataka huku. Na ukija kunichukua Jumapili, nataka ule tena."

Aliyasema yote hayo bila kunitazama kwanza.