K Isiyo na Namba

Maganda ya nanasi yakichemka na tangawizi hunukia kuliko nanasi lenyewe. Nimeyabandika jikoni hapa Ngoingwa, na harufu imenirudisha utotoni, kwenye chumba chetu kule mtaa wa Kiuu.

Mama alikuwa ameinamia jiko la makaa, anachemsha maganda kama haya. Dada yangu alikuwa akikagua hesabu zangu za aljebra, maana mwalimu alikuwa ameahidi kiboko kwa kila atakayekosa. Nilikuwa nimeandika kwamba 3k + k ni 3k.

“Hii k nyingine umeitupa wapi?” akauliza dada.

“Si haina namba mbele?”

Hakubishana nami. “Letea Mama kikombe.”

Nikaleta.

“Umeleta vingapi?”

“Kimoja.”

“Na nani amekuambia kimoja?”

Nikamnyoshea Mama, moshi ukiniwasha macho. Mama alicheka, akakipokea, akakijaza. Nikafuta jibu langu, nikaandika 4k, kisha tukanywa sote watatu kwa zamu, tukipuliza.

Sasa sufuria imechemka. Nimefungua kabati, nikatoa kikombe. Hakuna aliyeniambia kimoja.