Gharama ya Kuua Fangasi Chumbani kwa Mama

Yule bwana bado yupo Masasi, na bado ana kitambi. Naanza na kitambi ili msomaji asije akadhani kwamba miaka imenilainisha. Kila nikipita mbele ya ofisi yake huwa natupa jicho darini, kuangalia kama kuna doa. Mpaka sasa sijaliona, lakini mimi ni mtu wa subira.

Nyumba ya mama yangu, kule Newala, ilijengwa kwa korosho. Ulikuwa ule wakati wa ruksa, wanunuzi binafsi walipopanda mlima na mizani zao wakagombania magunia, na kwa msimu mmoja wa ajabu mkulima aliulizwa anataka nini badala ya kuambiwa atapata nini. Mama alitaka bati na kisima. Kwa Newala hicho ni kitu kimoja. Maji yapo bondeni, watu wapo juu. Mwenye bati huyakinga ya mvua, yakateremka kwa mfereji mpaka kwenye kisima cha saruji, akakifunika na kukitia kufuli. Kiangazi kikikaza, anakuwa mtu wa maana.

Wenzake walijenga visima uani. Mama, ambaye alikwisha kuibiwa maji, alijenga chake ubavuni mwa nyumba, nusu ardhini na nusu juu, kikashikana na ukuta wa chumba anacholala. Kitanda upande huu, maji upande ule. Alisema mwizi atakayekuja itabidi kwanza amwamkie. Mimi mwenye digrii niliona huo ni mpango madhubuti, nikachangia saruji.

Kifuku cha pili, yaani msimu wa mvua wa pili tangu kisima kijazwe, ukuta ule ulitoa madoa meusi. Yakaanzia chini, yakapanda hadi usawa wa mto wa kulalia. Chumba kikanuka kama gunia lililosahauliwa. Mama akaanza kukohoa. Nilimpeleka hospitali ya Ndanda, na daktari, baada ya kumsikiliza kifua kwa muda mrefu, aliuliza swali moja tu: analala wapi? Nilipomweleza, alisema asilale humo tena mpaka pakauke.

Basi nikamwambia mama ahamie kwangu Mkomaindo, chini Masasi, ambako nilikuwa nafundisha chuoni na nina chumba cha ziada.

"Nikihama, maji yangu atakunywa nani?" aliuliza.

"Mama, unakohoa."

"Nitakohoa kwangu."

Tulivutana hadi tukafikia makubaliano. Nitamtafutia mtu wa kukitibu chumba. Kisipopona mpaka kifuku kingine, atafunga mlango na kushuka nami. Alikubali kwa uso wa mtu anayekubali kuzikwa mapema kidogo. Tangu hapo, chochote nilichokifanya juu ya ukuta ule, nilijua kwamba nacheza na nyumba ya mama.

Enzi zile kila aliyepunguzwa kazi serikalini aliamka kesho yake akiwa mtaalamu. Huyu wetu alikuwa bwana shamba. Kazi ilipokwisha alijinunulia bloa, ile mashine ya kubeba mgongoni inayopuliza unga wa salfa juu ya mikorosho ili kuua ubwiriunga, akaweka kibao barabarani Masasi: anaua fangasi wa mikorosho, maghala na nyumba. Ni Mmakua wa huko huko chini, na sisi ni Wamakonde wa juu, kwa hiyo kwa hesabu za wazee ni mtani wetu. Siku ile sikulitia hilo maanani. Nilitazama kibao, nikaona neno "nyumba", nikaingia.

"Itagharimu kiasi gani?" nilimuuliza.

"Mwalimu, wewe ni msomi," alisema. "Msomi haulizi bei. Msomi anauliza inajumuisha nini."

Nilijisikia vizuri sana. Akanihesabia kwa vidole: kuna ukaguzi, kuna dawa, kuna mashine na mafuta yake, kuna safari ya kupanda mlima, kuna rangi ya kumalizia, na kuna hatari kwa mtaalamu mwenyewe, maana fangasi huingia puani. Niliuliza kuhusu hatari kwa mama, aliyewavuta puani msimu mzima. Alifikiri, akasema hiyo haimo katika hesabu yake. Jumla ilikuwa mshahara wangu wa miezi mitatu. Nikalipa yote siku hiyo hiyo, kwa sababu alikuwa ametaja neno la Kilatini na mimi nilikuwa nimetikisa kichwa kana kwamba nalijua.

Alipanda Newala mwishoni mwa kiangazi, amevaa buti za mpira, ovaroli na kitambaa puani. Ukuta hakuugusa hata kwa kidole. Alifunga dirisha, akasimama mlangoni, akawasha bloa na kukipulizia chumba cha mama salfa kama anavyopulizia mkorosho. Unga wa manjano ulitokea kwenye mwanya kati ya kuta na bati, ukashukia majirani. Kuku walipiga chafya. Kanga za mama, zilizokuwa sandukuni, zilinuka kiberiti mpaka akaacha kwenda nazo harusini. Kisha bwana yule akapaka ukuta wote rangi ya mafuta, ya kijani kibichi, inayong'aa, akasimama kuitazama.

"Hapa hata sisimizi atateleza," alisema, akaondoka.

Mvua za kwanza zilipojaza kisima, rangi ile ilianza kuvimba. Ilitoa malengelenge, mama akayatoboa kwa sindano, maji yakatoka, na nyuma yake fangasi wakiwa wameneemeka kuliko zamani. Akahamisha kitanda jikoni, lile jiko la nje la makuti, akalala na moshi na kuku kifuku kizima. Majirani walipita kumpa pole, wakitaja na harufu ya kiberiti. Mimi nikajua kwamba tukifuata makubaliano, mvua zikiisha itabidi aje kwangu. Mkoba wake wa kuhamia ulikuwa tayari umetundikwa msumarini.

Nilikwenda ofisini kwa yule bwana na hasira ya kutosha watu wawili. Palikuwa na wateja, wenye mashamba waliokuja kuweka zamu ya kupuliziwa, wamekaa kwenye benchi.

"Fangasi wamerudi," nilisema.

"Hawarudi, Mwalimu. Wale niliwaua. Hawa ni wengine."

Benchi lilicheka.

"Nitakushtaki."

"Mahakama ile pale, pita njia hii ya mkono wa kushoto. Lakini wewe si Mmakonde? Mimi ni mtani wako. Tangu lini mtu akamshtaki mtani? Nimekula hela yako, nimekula ya mtani. Kanywe maji upoe. Au kisima kimekauka?"

Benchi likacheka tena, na mmoja akanipigapiga begani. Sheria nilizozisoma zote zilinikimbia. Niliporudi nyumbani Mkomaindo mke wangu aliniuliza kama nimerudishiwa fedha. Nikamwambia nimepewa njia ya kwenda mahakamani. "Hiyo nayo ilijumuishwa?" aliuliza, na hakungoja jibu.

Jumamosi nilipanda Newala, nikamsimulia mama yote, hata yale yaliyoniaibisha. Alikuwa jikoni akichambua mbaazi. Aliposikia neno utani, akasimamisha mkono.

"Alisema mwenyewe kwamba ni mtani?"

"Alisema."

"Mbele ya watu?"

"Benchi zima."

"Basi ametuingiza mwenyewe," alisema, akaendelea na mbaazi zake.

Mtu wa kwetu anaelewa. Mtani anaweza kukutukana na kukuchukulia mali yako, na wewe ukikasirika, wa kuona haya ni wewe. Lakini mlango huo una pande mbili. Ukishautumia kuingia, mwenzako naye ana haki ya kupita.

Mvua zilipokwisha nilichukua likizo, na sikugusa ule mkoba. Mikorosho ilikuwa inachanua, na huo ndio wakati ubwiriunga hushambulia maua. Asiyepulizia wakati huo hana korosho. Yule bwana alipanda Newala na gari lake la pikapu, ameahidiwa kazi na wenye mashamba makubwa, la kwanza likiwa la jirani yetu. Akapita kusalimia, kwa sababu kutopita kungekuwa kukiri kosa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtani. Karibu utumalizie waliobaki."

Alicheka, akakaa, akapewa uji. Wakati anapuliza uji upoe, nilikwenda kwenye pikapu, nikajitwika bloa mgongoni. Nilidhani ni nyepesi, maana kila siku niliona vijana wanatembea nayo. Nilitembea nayo kama kobe aliyelewa, mafuta yakanichuruzikia suruali, majirani wakatoka kutazama mwalimu wa chuo anaiba mchana kweupe. Niliibwaga chumbani, chini ya malengelenge ya kijani. Mama akafunga kufuli na ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga.

"Mtani," alisema, "mashine yako tumeikamata. Utaikomboa."

Bwana yule akacheka, kama inavyompasa mtani. Akatoa noti moja. Mama akaitazama noti ile mpaka ikarudi mfukoni yenyewe. Akatoa nyingine. Vilevile. Jioni aliondoka akiwa bado anacheka, ila kwa mdomo tu.

Kesho yake alirudi bila utani mwingi. "Mama yangu, mikorosho ya watu inaharibika."

"Si fangasi wale wale? Wewe si uliwaua?"

"Mama, naomba."

"Chumba changu kikauke. Hiyo ndiyo bei."

Alikuja na siku iliyofuata, na mwenye shamba nyuma yake akiwa amefura. Lakini mwenye shamba naye ni Mmakonde, na alipoambiwa mashine imekamatwa na mtani, aligeukia upande wa yule bwana na kumuuliza kwa nini haikomboi. Nilikuwa nimekaa barazani na kitabu ambacho sikuwa nakisoma. Nakiri kwamba katika maisha yangu nimepata shahada, nimeoa, nimezaa, na hakuna asubuhi niliyoifaidi kama ile.

Hatimaye bwana yule alikaa chini, akasema ukweli tuliokuwa tukiuzunguka sote. Ukuta haukuwa na ugonjwa. Kisima kinavuja kuingia ndani ya nyumba. Dawa ni kukikausha chote, kukipiga lipu upya kwa ndani, kubandua ile rangi ya mafuta na kuuacha ukuta upumue kiangazi kizima.

Mama hakushangaa. Alikuwa akiyaona maji yakipungua kila mwaka bila kuchotwa. Hakutaka litamkwe, kwa sababu likitamkwa, lazima litendwe. Na kisima wakati ule kilikuwa kimejaa pomoni, maji ya kumfikisha Desemba. Hapo ndipo nilipoielewa bei ya kuua fangasi: ni maji yenyewe. Ile miezi mitatu ya mshahara niliitoa ili mtu atuambie kwamba maji yatabaki.

Mama akainuka. Kisha akafungua kufuli la kisima.

"Maji yangu nitayagawa mimi," alimwambia mtani. "Kuchota utachota wewe."

Habari ikaenea. Wanawake walikuja na ndoo na madumu, wakapanga foleni hadi barabarani, na yule bwana akaanza kuvuta maji kwa kamba. Wakamtania bila huruma. "Mtani, hiyo ndoo yangu haijajaa." "Mtani, punguza kitambi, kinaziba mlango wa kisima." Mama alisimama pembeni akigawa: huyu mbili, huyu moja, yule aliyemcheka juu ya kiberiti nusu. Yalipofika chini, mtani aliingia mwenyewe ndani na kopo, akachota na tope. Alimlipa mwashi, akalipa saruji. Rangi aliibandua kwa mkono wake, kipande kwa kipande. Wenye mashamba, wakati huo, walikuwa wamemwita mwenye bloa mwingine kutoka Masasi. Yule mwingine alipita mbele ya nyumba yetu akipuliza, na mtani wetu alimtazama akiwa ndani ya kisima hadi shingoni. Hilo sikulipanga. Nililipokea kama nyongeza.

Kazi ilipokwisha, alitoka amekauka tope kichwani hadi vidoleni, akaomba maji ya kuoga.

"Maji?" mama aliuliza. "Kwenye kisima gani?"

Alimrudishia mashine, lakini kwanza alinituma nifungue plagi, ile ya kuwashia injini. Akaishika juu, ndogo kama punje ya korosho. "Hii ni dhamana. Kifuku kikipita na ukuta mkavu, utaletewa."

Akashuka mlima hivyo hivyo, tope limempasuka usoni, na njia nzima mpaka Masasi lazima watu walimwangalia.

Mwaka ule nilimnunulia mama maji ya boza hadi mvua zilipokuja, na sitaki kukumbuka bei yake. Mkoba ulishuka msumarini ukarudi kutiwa vitenge. Mvua zikaja, kisima kikajaa, ukuta ukakaa mkavu. Aliniagiza nirudishe kitanda mahali pake, kwenye ukuta ule ule, akasema bila maji ubavuni hapati usingizi. Kikohozi kilipungua. Hakushuka kwangu msimu ule, wala mwingine, wala hakushuka kabisa.

Mvua zilipokatika alinikabidhi plagi, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa. "Mpelekee mtani. Ametimiza."

Niliitia mfukoni, nikashuka nayo Masasi, nikapita mbele ya ofisi ile. Alikuwa mlangoni. Alinisalimu vizuri tu, akauliza hali ya mama, nikamwambia hajambo. Najua alikwisha kununua nyingine dukani, tena kwa bei ndogo.

Ile ya mama bado ipo kwenye mtoto wa meza yangu. Mama, alipokuwa hai, aliwahi kuniuliza kama niliifikisha. Nilimwambia njia ilikuwa mbaya.