Moto wa Severina Si wa Kuota

Ukungu bado umekalia bati za shule hii ya bweni, nje kidogo ya Mafinga. Mhasibu, Zabron Nyagawa, ameingia jikoni kama kawaida yake. Ananyoosha mikono juu ya jiko jipya. Anangoja. Anairudisha mfukoni.

"Mama Damari, hili limewaka kweli?"

"Limewaka, Mhasibu. Muulize uji," anajibu mpishi, Severina Kihwele, bila kugeuka.

Kwa miaka kumi na miwili Severina alipikia mafiga, moto ukitoka pande zote. Lori la kuni halikumaliza mwezi. Moshi ukamkalia kifuani, na macho yakaanza kumwonyesha wawili penye mmoja.

"Nilimwamkia Mkuu wa shule mara mbili," anasema. "Akadhani nina adabu sana."

Zahanati wakamwambia achague, moshi au macho. Ndipo akaomba jiko banifu, lile linalofungia moto ndani ya matofali na kula nusu ya kuni. Kikao cha shule kikakataa. Akarudi na hesabu ya malori yatakayookolewa. Wakaisifu hesabu, wakakataa tena.

Ikaingia Juni, baridi ikauma. Asubuhi moja Severina akawatazama waliozunguka mafiga yake, vikombe vya chai mkononi: mhasibu, mtunza stoo, walimu wa zamu. Walikuwa walewale wa kikao.

"Kumbe nilikuwa nawaomba wavue koti," anasema.

Safari ya tatu hakwenda na hesabu. Aliwauliza swali moja tu: "Jamani, kuni hizi tunapikia wanafunzi, au tunapika walimu?"

Mkuu wa shule alicheka mpaka akavua miwani. Akaruhusu jiko moja la majaribio, la uji na maharage.

Sasa kuni za lori moja zinavuka mwezi na kuingia wa pili, na asubuhi Severina anaona mtu mmoja akiwa mmoja. Tatizo ni mchana, maana ugali bado uko kwenye mafiga, na moshi wake ni uleule. Anataka jiko la pili kabla macho hayajarudi kulekule.

Kikao ni Ijumaa. Ombi hatalisoma yeye.

"Mhasibu kaniambia nitulie, atalisemea mwenyewe," anasema, na kuonyesha kwa mwiko nyuma ya jiko.

Huko nje, Zabron, mtunza stoo na mwalimu mmoja wamebanana, migongo kwenye bomba la moshi la jiko jipya. Wa nne amesimama pembeni na kikombe chake, anatetemeka, anangoja zamu.

"Bomba moja," anasema Severina, "haliwatoshi."