Zamu Isiyokabidhiwa

Katika tawi letu la Chama cha Walimu Wastaafu kuna mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kushika chaki, na mtu huyo ni mimi mjomba wenu. Darasa la saba nililirudia, si kwa uzito wa kichwa kama wanavyosema wenye wivu, bali kwa sababu nilikuwa bado sijalishiba. Kazi yangu ni kufuli. Hakuna mlango mjini hapa ambao nikiutazama vizuri haulegei wenyewe. Kwa hiyo, wapwa zangu, mkisikia walimu wananiita mwanachama wa heshima, msicheke.

Lakini habari hii ni ya dada yangu mkubwa. Alifundisha darasa la kwanza tangu alipotoka chuoni mpaka siku alipopewa saa ya ukutani na kuambiwa akapumzike. Nusu ya mji huu aliishika mkono ikaandika herufi ya kwanza. Hata leo ukimpa mkono anaugeuza kwanza atazame kucha. Siku mkwe wangu alipokuja kujitambulisha, amevaa suti, dada alimwambia arudi nje akanawe. Akaenda. Nani angebisha?

Kupumzika kulimshinda. Shemeji alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, watoto wako mbali, nyumba imebaki na meza, pazia na dirisha linalotazama mtaa. Asubuhi moja nilimkuta amevaa gauni lililopigwa pasi, mkoba mapajani.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Siendi popote. Nasubiri kengele."

Nilicheka peke yangu.

Chama chenyewe makao yake makuu yako mji mkuu, kina mhuri na viti vya kuzunguka. Hapa kwetu tawi lilianza kama kijiwe tu. Kila Ijumaa wazee walikutana kwenye stoo ya shule, katikati ya madawati yaliyovunjika miguu, wakanywa chai na kusemana. Lingeendelea hivyo mpaka wote waishe, kama si kifo cha mwalimu wa jiografia.

Alikuwa akiishi peke yake. Majirani walisikia redio yake ikisema mchana kutwa na usiku kucha, wakasema mzee anapenda habari. Betri zilipokwisha, nyumba ikanyamaza, ndipo wakashtuka. Kufuli nililifungua mimi. Alikuwa amekaa mezani, miwani usoni, anautazama mlango kama mtu anayetaka kujua kwa nini umechelewa darasani. Mimi si mwoga, mnanijua, lakini nilijikuta nimesema, "Samahani, mwalimu."

Ijumaa iliyofuata hakuna aliyegusa chai. Dada yangu akasimama.

"Shuleni tulikuwa na mwalimu wa zamu," alisema. "Juma zima anaangalia nani yupo, nani hayupo. Sisi tulidhani kustaafu ni kuacha hilo nalo?"

Ndivyo zamu ya tawi ilivyozaliwa. Kila juma mwanachama mmoja anapita asubuhi kwenye milango yote ya wenzake. Anabisha, aliye ndani anajibu "Nipo," basi. Hakuna "karibu," maana kwa walimu karibu moja ni chai na malalamiko mpaka adhuhuri. Mlango usipojibu, naitwa mimi. Na Ijumaa, mbele ya wote, anayemaliza anasema, "Zamu salama, wote wamejibu, nakabidhi." Anayefuata anasema, "Napokea." Bila maneno hayo zamu haitoki mkononi mwa mtu. Walimu ni watu wa taratibu. Ukiwaacha, hata kupiga chafya watakuandalia ratiba.

Sasa, dada alikuwa na rafiki, mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi walimbandika jina Tabasamu, kwa kuwa meno yake hakuna aliyewahi kuyaona. Wawili hao waligombana kila siku ya Mungu, na asiyekuja kugombana alitumiwa mtu akaulizwe kama anaumwa. Tabasamu habishi kwa mkono. Hubisha kwa ufunguo kwenye kioo cha dirisha, mara mbili za haraka, anatulia, kisha moja. Na hesabu yake haikukubali baki. Kama mlango mmoja haujajibu, anarudi mpaka ujibu, hata kama mwenyewe yuko sokoni.

Alikufa katikati ya juma lake. Mlango wake wa mwisho siku zote ulikuwa wa dada yangu, baada ya wa Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu wa mtaa wa chini. Dada alikuwa dirishani, chai imeshamiminwa, mdomo umeshapata la kumtania. Akamwona anatoka getini kwa Mwenyekiti, anapanda mtaa, anafika kwenye duka la kona lililofungwa, anakaa kwenye ngazi.

"Magoti hayo," dada alisema peke yake. "Atakuja tu."

Chai ikapoa. Alipotoka kumfuata, Tabasamu alikuwa ameegemea mlango wa duka, macho yanatazama dirisha la dada, ufunguo mkononi. Niliitwa kuutoa. Mimi, ninayefungua kasha la chuma kwa kijiti, vidole vile vilinishinda. Tukamzika nao.

Dada hakulala tena vizuri nyumbani kwake. Nikamchukua, nikamweka chumba changu cha mbele, nikawaambia watu, "Kwangu yuko salama." Tawi nalo likamteua mwalimu wa muziki, tuliyemwita Sauti ya Pili, ashike zamu. Hakuna aliyekumbuka makabidhiano. Nani angekabidhi?

Asubuhi ya kwanza Sauti ya Pili alibisha kwa mwalimu wa sayansi kimu. Mama yule akafungua nusu mlango.

"Umesahau nini, mwalimu?"

"Kusahau vipi? Ndiyo kwanza nakuja."

"Acha mizaha. Umeshabisha, nimeshasema nipo."

"Nilibisha vipi?"

Mama akatazama kioo cha dirisha, akatazama mikono mitupu ya Sauti ya Pili, akafunga mlango bila kuaga.

Mlango wa pili hivyo hivyo. Na wa tatu. Kabla jua halijakausha umande, kila mwanachama alikuwa ameshabishiwa. Mara mbili za haraka, kimya, kisha moja. Wengine walikuwa wamejibu kwa mazoea, wanasukutua meno, "Nipo!" kisha ndipo wakakumbuka tulimzika nani.

Nilipopata habari nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikawaambia ni ndege anadonoa vioo. Mwalimu wa sayansi kimu akaniuliza ndege gani anapita nyumba za walimu tu, kwa mpangilio, anaruka za jirani. Nikasema ndege aliyesoma. Hakuna aliyecheka, na mimi usiku ule nilihamisha kitanda kutoka dirishani, kwa ajili ya hewa.

Basi hofu ikaingia. Wanachama wakaacha kujibu. Ubishe kwa ufunguo, kwa ngumi, uimbe, hakuna mtu. Wanajibanza ndani, wamebana pumzi. Sauti ya Pili naye akachoka kuniita kwenye kila mlango ulionyamaza, maana yote ilinyamaza.

Ndipo Mwenyekiti akateleza bafuni. Alilala kwenye saruji, nyonga imeumia, hawezi kuinuka, maji yanamwagika. Akasikia mlango unabishwa. Akanyamaza. Sauti ya Pili akapita zake, akidhani ni woga kama kwa wengine. Mchana jirani akaona maji yanatoka chini ya mlango, akanikimbilia. Nilipofungua, mzee alikuwa amegeuka bluu midomoni.

"Nilimsikia mwalimu wa muziki," alisema. "Nikadhani ni yule mwingine."

Ijumaa hiyo stoo ilijaa. Mwenyekiti aliletwa amebebwa kwenye kiti.

"Napendekeza zamu ifutwe," alisema. "Watu waishi kwa amani."

"Wafe kwa amani, sema hivyo," dada akajibu. "Nani atasikia redio yako, mwalimu mkuu?"

"Mwalimu, wewe unasema kwa sababu kwako habishi!" Mwenyekiti akamaka.

Maneno hayo yaliangukia mahali pake. Dada akageuka taratibu. "Kwangu habishi?"

"Kwako hakuna mtu wa kubishiwa, si uko kwa mdogo wako? Mimi ndiye wa mwisho kusikia. Akitoka kwangu nasikia viatu vinapanda mtaa kuelekea kwako. Vinasimama." Mzee akashusha sauti. "Vinasimama sana. Kisha vinashuka, vinaanza upya. Na kila siku vinakuwa vizito zaidi."

Dada akakaa. Watu wote walimtazama, naye alikuwa akihesabu kitu kwenye vidole kama mtoto wa darasa lake.

"Hajamaliza," alisema. "Mlango mmoja haujajibu. Atapita kwenu mpaka nijibu mimi." Akamgeukia Mwenyekiti. "Zamu msiifute. Nipeni mpaka Jumatatu. Nikishindwa, futeni, na kila mtu anunue betri."

Nilimwambia nyumbani kwamba huo ni wazimu. "Kwangu uko salama, dada."

"Ndiyo," alisema, anafunga mkoba. "Ndiyo shida yenyewe."

Jumatatu asubuhi tulikuwa kwake. Nilikwenda na nyundo. Msiniulize ya nini. Jua lilikuwa limechomoza, mtaa mweupe, mama mmoja anafagia upande wa pili, mtoto analilia viatu. Mimi siku zote nilidhani mambo haya huja na giza. Dada alimimina vikombe viwili vya chai, akakaa dirishani, akavuta pazia lote pembeni.

"Kama unaogopa, kaa jikoni."

"Mimi? Kuogopa?" Nikakaa mlangoni mwa jikoni, ni njia panda.

Yule mama aliyekuwa akifagia akaacha. Alinyanyua kichwa kama aliyesalimiwa, akakosa wa kumwitikia, akaingia ndani na fagio lake. Mtoto naye akanyamaza katikati ya kilio. Kisha nikasikia viatu. Vilipanda mtaa kwa kuburuta, mguu mmoja ukimngoja mwenzake. Dirishani niliona mtaa wote, mpaka kwenye duka la kona, na hapakuwa na mtu. Viatu vikaja, vikaja, vikakoma chini ya dirisha.

Kioo kikaanza kuingia ukungu kwa nje. Doa dogo, likakua, likapungua, likakua. Mtu anatweta.

Ti-ti. Kimya. Ti.

Nilijikaza kisabuni, wapwa zangu, lakini nyundo ilianguka yenyewe.

"Nipo," dada alisema.

Doa kwenye kioo halikuondoka. Likakua, likapungua. Dada akakunja uso, kisha akaelewa. Akasimama, akanyoosha gauni, kama wanavyosimama Ijumaa mbele ya wenzao.

"Wote wamejibu, mwenzangu. Kabidhi."

Sikusikia kitu. Nasema kweli, na mimi masikio yangu yanasikia kufuli likilegea ndani ya ukuta. Lakini dada alikuwa anasikiliza. Alitikisa kichwa kukubali. Akatikisa tena. Ilichukua muda, kama mtu anayesomewa majina mengi. Mahali fulani alishtuka, akaweka mkono mezani.

"Na hao pia?" aliuliza. Akasikiliza. "Peke yako muda wote huo? Na usiniambie?" Akapangusa jicho kwa kiganja, kwa hasira, kama walivyokuwa wakigombana. "Haya. Napokea."

Ukungu ukajikunja kutoka pembeni kwenda katikati, ukawa kama sarafu, ukaisha. Ng'ambo mtoto akaendelea na kilio chake palepale alipokuwa ameachia.

Kesho yake hakuna kioo kilichogongwa. Sauti ya Pili, akimalizia juma lake, alibisha kwa mkono, na kila mlango ukasema nipo. Kwa mwalimu wa sayansi kimu aliambiwa na karibu, kinyume cha taratibu, akakaa mpaka adhuhuri. Ijumaa dada akasimama kutangaza kwamba zamu sasa ni yake, na hakuna aliyesema ifutwe. Mwenyekiti alipiga makofi ya kwanza. Nami nikawaeleza jinsi nilivyosimama imara na nyundo yangu.

Dada akarudi kuishi kwake. Juma la zamu yake nilimsindikiza, kumbebea mwavuli. Tukabisha kwa wanachama wote, wote wakajibu, tukafika kwa wa mwisho. Nikageuka kurudi. Yeye akaendelea.

Akabisha kwenye nyumba ya Tabasamu iliyofungwa. Akatega sikio, akatikisa kichwa kukubali, akapita. Akabisha kwenye nyumba ya wapangaji wanaoshinda kazini, ambayo zamani ilikuwa ya marehemu mwalimu fulani wa historia. Akatega sikio, akapita. Sikuuliza. Kuna mambo mtu wa la saba hayaulizi. Kisha tukaingia kwenye kiwanja cha nyumba iliyobomolewa, majani yamefika magotini, imebaki nguzo moja tu ya lililokuwa geti. Dada akaipiga kwa kidole, akasimama.

Alisimama sana. Nikafungua mwavuli, nikaufunga.

"Dada," nikanong'ona, "hapa hakuna mtu. Twende."

Akaniwekea kidole mdomoni, bila kuondoa macho kwenye majani.

"Subiri kidogo," alisema. "Huyu huchelewa kujibu."