Ruta ya Mama Swaumu

Fundi wetu wa Segese huamkia kila kifaa kabla ya kukigusa. "Mwangaluka," huiambia ruta ya intaneti kwa Kisukuma, kisha huipuliza vumbi kama anapoza uji. Ruta ya Mama Swaumu, mwenye mgahawa, ilikuwa nzima mpaka fundi alipoiwekea programu aliyoiokota mtandaoni, eti iongeze kasi. Sasa inawaka taa nyekundu tu, na wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wateja wa mgahawa wamehamia kwa jirani mwenye waifai. Leo fundi amechokonoa kitufe cha ruta kwa kijiti cha meno, akarudisha kijiti mdomoni.

"Imepona?"

"Inapumua, mama." Akajikuna kisogo. "Ila niwashie data kwenye simu yako, nitafute mtandaoni namna ya kuifufua."

"Nenda katafutie kwa jirani," Mama Swaumu akamwambia, "na unisalimie wateja wangu."